Milango Tisa ya Jikoni kwa Shangazi

Siku ambayo Ami alikuja kutangaza kwamba Shangazi atahamia kwake Kiembeni, harufu ya pazia lililoungua ilikuwa ingali ndani ya nyumba. Lilikuwa pazia dogo la dirisha la jikoni, na moto wenyewe ulizimwa kwa ndoo moja ya maji. Lakini wiki mbili nyuma Shangazi alikuwa amejiunguza mkono kwa mafuta ya karai, na kabla ya hapo alipeleka kwenye harusi sinia tatu za sambusa zilizotiwa sukari badala ya chumvi. Ami alizihesabu ajali hizo kwa vidole, polepole, kama hakimu.

"Dada, umri umefika," alisema. "Nimekujengea chumba. Kina vigae, kina feni, kina televisheni. Uje ukae, upumzike."

"Nikae nikitazama feni ikizunguka?"

"Utazame chochote utakacho. Lakini moto, basi."

Shangazi alicheka kwa kupandisha bega moja, wala hakubishana zaidi. Kutobishana kwake ndiko kulikonitia wasiwasi. Yeye ni dada mkubwa wa marehemu babangu na wa huyu Ami, na ndiye aliyenilea katika nyumba hii ya Likoni tangu nikiwa darasa la pili. Mumewe alifariki zamani na hawakujaaliwa watoto. Tangu nipate akili namwona akipika mkate wa sinia na sambusa za kuagizwa: harusi, hitima, akika, hata sherehe za mahafali. Kumtoa jikoni si kumpumzisha. Ni kumwachisha kazi, kumkatia habari za mtaa wote, na kumkalisha kwenye kiti akingoja kuulizwa kama amekula.

Mimi nilikuwa nimekuja likizo. Nafundisha fizikia katika shule moja ya binafsi huko Changamwe na nimepanga chumba karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo Likoni nilikuwa nafika mara moja kwa mwezi, nakula, narudi. Sikuwa na haki kubwa ya kusema. Nilisema hata hivyo.

"Ami, una ushahidi gani kwamba ni umri?"

Akanigeukia. "Ushahidi? Mkono umeungua, pazia limeungua, watu wamekula sambusa za sukari. Wataka niite polisi waje kupima alama za vidole?"

"Hayo ni matokeo. Mimi nauliza sababu. Huenda sababu ni jiko lenyewe. Mle ndani kuna kiza saa sita mchana. Wewe umeingia lini mara ya mwisho?"

Ami alifikiri. Hakukumbuka. Na kusema kweli hata mimi nilikuwa nimechungulia tu asubuhi ile, nilipopeleka ndoo ya maji. Wanaume wa nyumba ile tulikuwa tukiishia mlangoni. Nikiwa mtoto nilikuwa nikitia mguu ndani nafukuzwa kwa mwiko: "Toka! Chakula kina miguu, kitakufuata." Kikanifuata kweli, miaka yote hiyo, na mimi sikuwahi kuuliza kilitoka vipi.

"Haya," Ami akasema, "wataka nini, profesa?"

"Nipake rangi makabati. Yale ya kahawia yanameza mwanga wote. Nikiyapaka rangi ya kung'aa, mwanga wa dirisha utarudi ndani ya chumba, na Shangazi ataona anachofanya."

Shangazi akadakia kabla Ami hajajibu. "Mwache apake. Mwache, kaka."

Ami akashusha pumzi. "Sawa. Jumapili ya wiki ijayo nakuja kula mkate wa sinia. Nitasimama humo jikoni nimwangalie mwanzo mpaka mwisho. Nikiridhika, sitalitaja tena jambo hili. Nisiporidhika, gari liko nje na chumba kiko tayari."

"Wallahi?" Shangazi akauliza.

"Wallahi."

*

Makabati yenyewe aliyatengeneza mume wa Shangazi alipokuwa akifanya kazi bandarini. Mbao alizipata kwenye makasha ya mizigo yaliyovunjwa, na ukifungua mlango mmoja wa chini bado utasoma, kwa herufi nyeusi zilizofifia, kwamba kitu fulani ndani ni cha kuvunjika. Milango ilikuwa tisa: mitano juu, minne chini. Hakuna miwili iliyofanana. Mmoja ulikuwa na kovu refu la kisu, mwingine umepinda kwa unyevu ukawa haufungi mpaka uubenue kidogo. Mmoja ulikuwa umepoteza kishikio, ukafungwa kamba ya katani. Wa mafuta ya kupikia ulilia kama paka kila ulipofunguliwa. Juu ya yote hayo palikuwa na rangi ya kahawia iliyopakwa juu ya kahawia nyingine, na juu yake tena moshi, mafuta na vumbi, mpaka ukigusa kidole kinanata.

Nilimuuliza Shangazi anataka rangi gani.

"Paka utakayo. Sharti langu moja. Usinihamishie vitu. Kila kitu kirudi kilipokuwa."

Sharti hilo nililipenda kwa sababu linapimika. Nilitoa simu nikapiga picha ya kila kabati kwa ndani kabla ya kugusa kikopo. Chumvi, kabati la pili juu, rafu ya chini, kushoto. Iliki, la tatu. Mdalasini, la tano. Hamira, la nne, nyuma ya mchele. Nilijiona mtu makini sana.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi muuzaji alinipima kwa macho toka kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Rangi ya nini?"

"Makabati ya jikoni."

"Jiko la nani?"

"La shangazi yangu."

"Na fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye."

"Subhanallah." Akanitolea kopo la rangi ya mafuta, nyeupe iliyochanganywa na umanjano kidogo, mfano wa tui zito, na msasa wa aina mbili. "Piga msasa kwanza, kisha andakoti ya kutangulia, kisha rangi, kisha ungoje. Watu hawangoji, wakishamaliza wananiletea kopo kunitukana."

Nilimuuliza kwa nini andakoti, ikiwa rangi yenyewe ni ya kugandia mbao. Alinieleza. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kulinganisha mlango wenye andakoti na usio nayo. Akanisukumia makopo mawili, la rangi na la andakoti, akaniambia nikalinganishe mwenyewe, nyuma kuna wateja.

Nikalinganisha. Ndiyo balaa yangu. Nilipaka milango miwili ya chini bila msasa wala andakoti, kwa kuwa nilitaka kujua, na mitatu kwa kufuata maagizo. Asubuhi iliyofuata nilipogusa ile miwili, rangi ilinifuata kidoleni kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nilifurahi kidogo, maana jaribio lilikuwa limetoa jibu. Kisha nikagusa ile mitatu. Nayo ikabambuka, yote, andakoti na mambo yake.

Jirani yetu alinikuta nimekaa uani, milango mitano imenizunguka. Ni mama wa kutoka bara, anafanya kazi katika ofisi ya kampuni moja ya malori huko Miritini, na amepanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa amekuja kuchukua sambusa zake za wiki.

"Kijana, hii rangi imekataa?"

"Imekataa."

"Ulitoa mafuta kwanza?"

"Nilipiga msasa."

"Msasa juu ya mafuta? Wewe umesambaza tu." Akavua saa yake ya mkononi akaiweka mfukoni. "Huyu mama ameunguza mafuta hapa miaka na miaka. Hiyo si mbao tena, hiyo ni sambusa. Leta maji moto, leta sabuni ya unga, leta kitambaa kibaya."

Shangazi, aliyekuwa amehamishia jiko lake la makaa chini ya paa la uani, alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie! Amesoma mpaka amesahau kuosha chombo."

Tukaosha milango yote tisa. Maji yalitoka meusi, kisha ya rangi ya chai, kisha ya rangi ya uji. Jirani alisugua milango minne akaniachia mitano na hotuba. Siku mbili zilizofuata nilifanya kazi ya kweli. Nilikwangua rangi ya zamani na kupiga msasa mpaka mbao ikaonekana, na chini ya kahawia ya pili nikakuta kijani kibichi ambacho Shangazi alisema kilikuwa cha mwaka wa harusi yake, akakataa kusema zaidi.

Nikaamua kwamba kwa vile nimeanza, sitaacha kasoro. Lile kovu la kisu nililijaza pati nikalisawazisha. Mlango uliopinda niliulaza juani na mawe juu yake, siku nzima, mpaka ukanyooka. Bawaba zote nilizitia mafuta ya cherehani, ule mlango wa kulia kama paka ukanyamaza kabisa. Kamba ya katani niliitupa, na msumari uliojitokeza kwenye mlango mmoja nikaung'oa. Nilinunua vishikio vipya tisa, vya chuma cheupe, vyote sawasawa. Andakoti, rangi, ngoja, msasa laini, rangi tena, ngoja tena. Hata muuzaji wa duka alipopita kwenda msikitini alisimama mlangoni pa ua akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ijumaa jioni nilirudisha milango mahali pake, nikarudisha vitu vyote kwa kufuata picha. Jiko lilikuwa si lile tena. Mwanga ulioingia dirishani ulifika mpaka pembe ya nyuma ya meko ya gesi. Jirani alikuja, akasema "Haki ya Mungu!" akapiga picha akawatumia dada zake bara. Shangazi akaingia mwisho, akasimama katikati ya chumba, akageuza uso huku na huku.

"Mashallah," alisema. "Mashallah, mwanangu. Kweupe."

Nililala nikiwa na raha ya mtu aliyethibitisha jambo.

*

Jumamosi asubuhi chai ilikuwa na chumvi.

Niliionja mara mbili ili niwe na hakika. Kutoka jikoni nikasikia milango ikifunguliwa na kufungwa, mmoja baada ya mwingine, halafu ikaanza upya. Kisha kopo la bati likaanguka. Nilipofika mlangoni nilisimama palepale, kwa mazoea ya zamani.

"Wewe!" Shangazi alisema bila kugeuka. "Nilikwambia usinihamishie vitu."

"Sikuhamisha, Shangazi."

"Chumvi iko wapi? Hamira iko wapi? Umezichanganya kama karata."

Nikaingia na simu mkononi. "Tazama. Hii ni picha ya kabla. Chumvi, la pili juu, kushoto." Nikafungua la pili juu. Chumvi ilikuwa pale, kushoto. "Umeona?"

Nilikuwa nimeinyanyua simu mbele ya uso wake. Hakuitazama. Alikuwa ametazama begani kwangu, kwa adabu kubwa, kama mtu anayemsikiliza mgeni.

Kazi yangu ni kuwafundisha watoto waangalie kwanza, waeleze baadaye. Nikaangalia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mlango wa tatu, unauteremka toka pembe ya juu mpaka chini, vidole vyote vitano vimetandazwa. Ukafika chini. Ukahamia mlango wa nne, ukafanya vivyo hivyo. Haukupata kitu.

"Shangazi," nikasema, "nimepaka rangi gani?"

"Si hiyo uliyopaka."

"Itaje."

"Aka! Sasa ndiyo mtihani?"

"Itaje tu."

Akafunga mlango wa nne. Jirani alikuwa anapiga hodi uani, na Shangazi, badala ya kumkaribisha, akaita, "Nani?" Jirani akajibu, "Ni mimi." Shangazi akaendelea: "Hujambo? Umeamkaje? Watoto je? Na kifua cha yule mdogo?" Maswali manne, matano, mpaka mama wa watu akawa amesema maneno ya kutosha, na hapo ndipo Shangazi alipomtaja jina na kumwambia apite. Nimeyasikia maamkizi hayo maisha yangu yote. Nilipotoka chuo kikuu nilikuwa nikimtania kwamba nusu saa ya siku yake inakwenda kwenye kuulizana hali. Asubuhi ile nilielewa kwamba kwa muda fulani, sijui mrefu kiasi gani, alikuwa akiyatumia kutambua watu.

"Tangu lini?" nikauliza.

Alivuta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akakikalia. Hakulia wala nini. Alionekana zaidi kama mtu aliyeshikwa akiiba sukari.

"Lilianza kama moshi," alisema. "Nikadhani ni moshi. Nikafuta dirisha. Kisha moshi ukakaa. Mwanga nauona, kivuli nakiona. Wewe sasa hivi ni nguo iliyoanikwa." Akacheka kidogo. "Lakini jikoni sikuhitaji macho. Mlango wa kovu ni chumvi. Wa kamba ni unga. Uliopinda ni hamira. Unaolia ni mafuta. Wenye msumari uliojitokeza ni sukari. Vidole vinaona. Zile sambusa za harusi, mtu alinisaidia akarudisha sukari mahali pa chumvi. Na pazia ni upepo."

"Na mkono?"

"Mkono ni mimi."

Nilitazama milango yangu tisa. Yote laini, yote sawa, yote kimya. Nilikuwa nimeuliza kila mtu kila swali. Nilimuuliza Ami ushahidi, nilimuuliza muuzaji kwa nini andakoti, na mwenye jiko sikumuuliza hata mara moja anapikaje.

"Mbona hukusema nilipotaka kupaka?"

"Ningesema nini? Ningekwambia acha, ungeuliza kwa nini. Wewe huishi kuuliza kwa nini. Nami nikikujibu, Ami wako anajua kabla ya adhuhuri, na Jumapili niko Kiembeni nasikiliza feni."

Jirani alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo na kikapu chake. "Mimi nilijua," alisema.

Sote wawili tukamgeukia.

"Nimekupungia mkono sokoni mara tatu, mama, ukanipita. Nikasema labda nimekukosea. Halafu nikaona unapita hata mlingoti wa nyaya za stima bila kuupa nafasi."

"Na hukuniambia?"

"Ungeniuzia sambusa?"

*

Ilibaki siku moja tu. Shangazi alikuwa na mpango wake tayari.

"Nirudishie alama zangu. Kesho napika, anakula, anaondoka. Ameapa."

"Shangazi, huoni."

"Nimepika bila kuona mwaka na zaidi, na watu wanalipa."

"Na moto?"

Hapo akaugusa mkono wake ulioungua. Nilimwambia kwamba alama nitamwekea, kwa sababu niliziondoa mimi, lakini Ami akiniuliza swali la moja kwa moja sitamdanganya. Aliniita maneno mawili ya Kimvita ambayo sitayaandika. Kisha akasema leta nyundo.

Sijawahi kufanya kazi iliyoniuma na kunichekesha kwa pamoja kama ile. Rangi yangu, iliyokauka siku tatu, niliichana kwa kisu mimi mwenyewe, huku Shangazi akiwa nyuma yangu. "Refu zaidi. Zaidi. Unakata mbao, hukati keki." Ule wa sukari ulipigiwa msumari nusu. Wa unga ulitobolewa ukatiwa kamba mpya. Wa hamira hakutaka upinde tena. Alisema ulikuwa unamchosha, akachagua kifungo kikubwa cha koti, tukakigandisha kwa gundi. Wa iliki alitaka vifuniko viwili vya soda, wa mdalasini kimoja. Jirani alijitolea vifuniko, na ili vipatikane ilibidi tunywe soda. Vile vishikio vya chuma alivikubali, akasema vinapoza kiganja.

Tatizo lilikuwa mlango wa mafuta. Alitaka ulie.

"Ulikuwa unanikumbusha," alisema. "Nikiusikia, najua sasa mafuta yanatoka, na moto uko karibu, nitulie."

Niliosha bawaba kwa sabuni. Hazikulia. Nikazisugua kwa mchanga. Zikakwaruza kidogo, kisha zikanyamaza. Mwishowe jirani alileta shada la funguo za zamani ambazo hazifungui kitu chochote duniani, tukalining'iniza kwa ndani. Shangazi akafungua, likalia. Akafunga, likalia. Akafanya hivyo mara nane, na mara ya nane nilimwona anatabasamu.

Jioni yote tuliimaliza kwa kufanya mazoezi. Mimi nataja kitu, yeye anakitoa. Mwanzoni alikosea mara kwa mara. Kabla ya magharibi alikuwa ananipita mimi mwenye macho.

*

Ami alifika Jumapili akiwa amevaa kanzu ya kutokea, kama aliyealikwa kwenye jambo rasmi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akivua viatu, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni. Akasimama pale, kama nilivyosimama mimi.

"Ingia," Shangazi akamwita kutoka ndani. "Si ulisema utasimama humu? Ingia, mwiko nimeuweka chini."

Aliingia. Akatazama rangi, akapitisha kiganja juu ya mlango wa chumvi, akalikuta kovu.

"Rangi mpya hii, imechubuka mara hii?"

Nikafungua kinywa. Shangazi akanitangulia. "Ngoja nipike kwanza. Maswali baadaye."

Akapika. Mchele ulikuwa umeshasagwa na tui na iliki, hamira imeshaumuka. Alipaka sufuria samli kwa vidole, akamimina, akafunika, akaweka moto chini, mkono wake ukipita juu ya meko kupima joto kabla ya kusogea. Funguo zililia alipotoa mafuta ya sambusa, na kweli, akatulia kidogo, akapumua, ndipo akaendelea. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na karai, nimesema ni kwa ajili ya kujifunza. Ami hakupepesa macho. Mkate ulipotoka ulikuwa umeumuka sawasawa, kahawia kwa chini, mweupe kwa juu. Alikula vipande vitatu akiwa bado amesimama.

"Naam," alisema. "Nakubali. Jiko linaonekana, na dada yangu anaona. Nilikosea."

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ameshinda. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza tu, na mimi, ambaye sikuulizwa swali lolote la moja kwa moja, ningenyamaza naye.

Alifuta mikono kwenye leso.

"Jiko linaonekana," alisema. "Mimi sioni."

Ami akatafuna polepole, akameza. "Huoni nini?"

"Sikuoni wewe. Naisikia kanzu yako."

Alimweleza yote, kwa ufupi, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua. Ami aliita jina la Mwenyezi Mungu, kisha akanigeukia mimi kwa hasira, kisha akamgeukia jirani aliyekuwa amejitokeza mlangoni kwa ajili ya mkate, kisha akakosa wa kumgeukia.

"Kwa hiyo umenipikia hivi... bila..."

"Bila."

"Haiwezekani."

"Jaribu."

Akajaribu. Ami wangu, mtu mzima mwenye kanzu ya kutokea, alifungwa leso usoni na dada yake, akazungushwa mara moja, akaambiwa atafute mdalasini. Alipapasa. Akapata kovu. "Chumvi," Shangazi akamwambia. Akapata kamba. "Unga." Akafungua mlango wa funguo, akashtuka, akajigonga kiwiko. Jirani alikuwa amejikunja kwa kicheko. Hatimaye vidole vyake vikakuta kifuniko kimoja cha soda, akaingiza mkono, akautoa na kijiti cha mdalasini, akakinusa. Alisimama hivyo, na leso usoni, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipoivua macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni rangi, bado inatoa harufu.

Mashauri yalichukua alasiri nzima, na hayakuwa ya upole. Ami alitaka ahame mpaka macho yatibiwe. Shangazi alisema akihama hatarudi, anawajua watu wanaosema "mpaka". Mimi niliulizwa maoni, nikasema kwamba sababu sasa inajulikana na huenda ina tiba, na tiba haihitaji Kiembeni. Nilisema pia kwamba mkono ulioungua ni kweli uliungua. Shangazi alinitazama, au aliitazama ile nguo iliyoanikwa, akaguna. Mwishowe wakakubaliana: daktari wa macho wiki hiyohiyo, na Ami ndiye atakayempeleka. Jiko ni lake, na halijadiliwi tena. Lakini mafuta ya karai hayagusi akiwa peke yake, mpaka daktari aseme.

"Na nani atakaa naye?" Ami akauliza.

Wote walinitazama. Likizo yangu ilikuwa imebaki wiki mbili.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wataanza na la kulia. Shangazi alimuuliza kisu kinaingia wapi, nani amefanyiwa, wangapi wameona na wangapi hawakuona, na kama yeye mwenyewe angekubali mamake afanyiwe. Ami aliniambia baadaye kwamba alijisikia kama amekwenda na mimi. Tunangoja tarehe.

Na mimi, niliyefukuzwa kwa mwiko utoto wangu wote, kila asubuhi nasimama kwenye karai. Shangazi anakaa kwenye kibao cha mbuzi, hatua mbili nyuma yangu, anakunja sambusa kwa kasi nisiyoweza kuifuata. Jana tulikuwa na oda ya mia mbili.

"Geuza," alisema.

"Bado, Shangazi. Nyeupe kabisa."

"Zimebadilisha sauti. Geuza."

Nikageuza moja, ya pembeni, kwa majaribio.

"Zote, we mtoto! Nimesikia moja."